Zahama au Msongamano?

Mswahili anayempeleka mwanawe kwa daktari wa meno Riyadh au Jeddah atasikia maneno mawili atakayodhani anayajua: tazahum na taqwim. La kwanza ni ndugu wa zahama yetu, la pili ndilo takwimu. Yote mawili yanaweza kumpoteza.

Kwa Mwarabu, zahma ni wingi wa watu au magari barabarani, na tazahum ya meno ni kubanana tu. Neno hilo lilipofika kwetu likabeba balaa na vurugu. Mama akiambiwa na mkalimani kwamba mtoto wake wa miaka 7 ana "zahama" kwenye taya la chini, atataka jino ling'olewe leo leo. Kumbe meno ya mbele ya chini yanapoota kwa ndani, nyuma ya yale ya utoto, mara nyingi hakuna la kutisha. Meno mapya ni mapana kuliko yanayotoka, taya bado linakua, na jino la utoto likishang'oka ulimi husukuma jipya mbele. Upungufu wa nafasi wa milimita 1 au 2 kwa mtoto wa miaka 8 aghalabu hujirekebisha wenyewe. Mimi nachagua msongamano, au kama wasemavyo watu majumbani: meno yamebanana.

Taqwim ni kunyoosha. Wazee wetu waliijua takwimu kwa maana ya kalenda kabla haijawa hesabu za serikali, na neno hilo limo katika Sura ya At-Tin, kwa habari ya umbo la mwanadamu. Siku hizi Mwarabu wa mtaani akisema taqwim anataja nyaya za kunyooshea meno. Basi mzazi hungoja nyaya, na kazi ya kulinda nafasi utotoni inampita.

Jina lenye madhara zaidi ni "meno ya maziwa", ambalo Waarabu nao wanalo. Linayafanya yaonekane ya kupita tu. Gego la pili la utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Likioza na kung'olewa mapema, gego la kudumu lililoota nyuma yake mtoto akiwa na miaka 6 husogea mbele na kula nafasi. Tena gego hilo la utoto ni pana kuliko jino linalolirithi, takriban milimita 2 kila upande, na hiyo ndiyo akiba ya kuyanyoosha meno ya mbele. Daktari huilinda kwa waya unaopita nyuma ya meno ya mbele ya chini, ukishikiliwa na pete kwenye magego mawili. Kifaa hicho Kiarabu hukiita hafidh al-masafa, lakini masafa kwetu ni umbali wa safari au mawimbi ya redio. Kihifadhi nafasi kinaeleweka na kila mtu.

Wakalimani na madaktari wetu, semeni magego ya utoto. Nawe mzazi, mpeleke mtoto gego linapoanza kutoboka, usisubiri meno ya mbele yapandane.