PCR yafichua homa ya uti wa mgongo hata bakteria akishakufa

Mtoto mwenye homa kali na degedege katika nyanda za juu za Kisii hudhaniwa kwa wepesi kuwa ana malaria, kwani ugonjwa huo umewahi kuzuka huko mara nyingi. Wazazi wa Suneka, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Kisii kuelekea Migori, wanapoanzia katika duka la dawa na kufika hospitali ya rufaa siku mbili baadaye, maabara hukumbana na fumbo: dalili ni za homa ya uti wa mgongo, ilhali bakteria haoti.

Sababu huwa ni viuavijasumu ambavyo mtoto amekwisha kumeza. Njia ya kawaida ya kuutambua ugonjwa huu ni kutoa maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, kuyatazama kwa hadubini, kisha kuotesha bakteria kwa siku moja hadi tatu. Aliyeuawa na dawa haoti, na jibu la "hakuna kitu" laweza kumpotosha daktari.

Kipimo cha PCR, ambacho Wakenya wengi walikijua wakati wa janga la Covid-19 mwaka wa 2020, hakihitaji bakteria aliye hai. Hutafuta vinasaba vyake. Vinasaba hivyo hupashwa joto la nyuzi 95 hivi hadi nyuzi zake mbili ziachane, kisha joto hupunguzwa na kila uzi hunakiliwa. Nakala huongezeka maradufu kila mzunguko. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja chaweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Majibu hupatikana kwa saa chache tu. Wanaotafutwa hasa ni meningokoki, pneumokoki na Hib. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya Hib mwaka wa 2001 na dhidi ya pneumokoki mwaka wa 2011.

Kwa maeneo ya mashambani, faida kubwa pengine ni ya safari. Meningokoki hufa upesi, na sampuli ya kuotesha haifai hata kuwekwa kwenye friji. Sampuli ya PCR yaweza kugandishwa na kutumwa mbali.

Hata hivyo, PCR haielezi kikamilifu ni dawa ipi itakayomwangamiza bakteria, hivyo kuotesha kungali muhimu. Wala matibabu hayangoji majibu: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mgonjwa mmoja kati ya sita hufa na mmoja kati ya watano hubaki na athari za kudumu, uziwi ukiwa miongoni mwazo. Majibu yakija, daktari huamua dawa ya kuendelea nayo na, ikiwa ni meningokoki, huwapa walioishi na mgonjwa dawa ya kinga. Mwongozo wa shirika hilo wa Aprili 2025 unapendekeza PCR kwa wanaoshukiwa kuugua.

Mashine za GeneXpert, zinazotumika nchini kupima kifua kikuu, hufuata mbinu iyo hiyo, na tangu 2013 shirika hilo limependekeza zitumiwe pia kupima kifua kikuu cha uti wa mgongo. Lakini kipimo hicho hakimwoni meningokoki wala pneumokoki. Asiyepatikana na kifua kikuu hajaondolewa shaka.

Yote haya hutegemea sindano ya mgongoni, ambayo jamaa wengine huikataa wakihofia kupooza. Sindano hiyo hudungwa kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia.