Kibarua wa Msimu Unaojulikana: Usimamizi wa Kazi katika Mashamba ya Chumvi ya Marereni

Sehemu kubwa ya chumvi inayotiwa kwenye vyakula vya mikahawa ya Nairobi na Mombasa huvunwa katika ukanda mmoja wa pwani kaskazini mwa Malindi, kuanzia Gongoni hadi Marereni na Kurawa. Mjadala wa haki za wafanyakazi wa sekta ya chakula nchini Kenya, hata hivyo, huishia kwa mpishi na mhudumu. Makala haya yanashikilia kwamba ni lazima ufike shambani, na kwamba tatizo la Marereni halitokani na jua wala na ufukara wa wenyeji. Linatokana na mtindo wa usimamizi: kazi ambayo majira yake yanajulikana na kila mtu inaajiriwa kwa siku, kama ya dharura.

Maji ya bahari huvutwa kwa pampu kutoka kwenye hori, yakapitishwa bwawa hadi bwawa huku yakikolea, mpaka chumvi ikaganda chini. Hapo ndipo vibarua huitwa. Kazi yao ni kukwangua, kurundika na kubeba. Maji ya bwawa la mwisho ni makali kuliko ya bahari, na mwenye kisigino kilichopasuka huyasikia tangu hatua ya kwanza. Weupe wa chumvi nao huurudisha mwanga wa jua machoni. Kwa hiyo gambuti, glovu na miwani ni zana za kazi sawa na sepetu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri jukumu la kuzitoa.

Malalamiko haya si mapya. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadharani kuhusu viwanda vya chumvi vya Magarini, eneo la mashamba haya, na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Kilichovuma zaidi ni habari za watu kuondolewa kwenye ardhi na mikoko kuharibiwa, na ni haki zivume, kwa kuwa watu walipoteza makao. Lakini suala la mazingira ya kazi, ambalo tume pia ililigusa, lilifunikwa na lile la ardhi. Aliyepoteza shamba ndiye huyo huyo aliyesimama langoni alfajiri akingoja nyapara amchague.

Mwaka uliofuata ripoti hiyo, Bunge lilipitisha Sheria ya Ajira. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyoweza kukamilika chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kukikwepa si vigumu: jina likifutwa kabla mwezi haujatimia, au mlipaji akiwa kontrakta badala ya kiwanda, hesabu inavurugika. Kifungu cha 10 kinamtetea mfanyakazi, kwani mwajiri asiyeweza kuonyesha mkataba wa maandishi mahakamani ndiye hubebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Ila kinga hiyo huanza kazi baada ya kesi kufunguliwa, na mtu wa kulipwa kwa siku ana nauli gani ya kwenda na kurudi Malindi kila kesi inapoahirishwa?

Wenye viwanda wana hoja moja nzito: mvua ikinyesha chumvi huyeyuka, na hakuna cha kuvuna. Ni kweli. Lakini masika hayajawahi kumshangaza mtu wa Pwani. Hoteli za Malindi nazo huishi kwa msimu, watalii wakija na kuondoka, na huko mikataba ya msimu inafahamika na chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, huketi na waajiri kujadili masharti. Hasara ya mvua ni sehemu ya biashara ya chumvi. Ajira ya siku humhamishia hasara hiyo yule asiye na akiba hata ya wiki moja.

Serikali inajua kukagua ikitaka. Tangu miaka ya 1970 imelazimisha chumvi ya mezani itiwe madini joto, na kiwango chake hupimwa. Ukaguzi wa namna hiyo ungefaa pia kwa wanaoivuna. Wakaguzi wa kazi wangeanza na daftari la mahudhurio la kila lango: majina, siku, malipo, pamoja na jina la kontrakta, lifunguliwe kabla ya kaskazi, majira ya kuvuna, kuanza, na nakala yake ishikwe na mwakilishi aliyechaguliwa na vibarua wenyewe.