Kutoka kitochi hadi kioo kitupu

Wadau, Mtae ni kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa milima ya Usambara, juu ya mbuga za Mkomazi. Kwenye miteremko na mawe namna ile, simu kudondoka si jambo dogo.

Enzi za kitochi hatukuwa na wasiwasi. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na skrini ndogo iliyozungukwa na plastiki pana. Ikianguka, plastiki ndiyo iliyopokea kipigo.

Mwaka 2007 ikaja iPhone, uso wote kioo. Kampuni ya Corning ilifufua utafiti wake wa miaka ya 1960: kioo huzamishwa kwenye chumvi ya moto, chembe kubwa za potasiamu zinachukua nafasi ya zile ndogo za sodiamu, uso unajibana na kukaza.

Kisha fremu zikakonda. Kufikia 2017, Galaxy S8 na iPhone X zilikuwa karibu kioo kitupu. Pembe ikigonga jiwe, kishindo kinafika kwenye kioo moja kwa moja.

Tumefanyaje? Tumenunua kava la mpira lenye kingo zilizoinuka kupita kioo. Yaani ile plastiki ya kitochi imerudi, ila safari hii tunailipia wenyewe. Kwa mkulima ambaye pesa zake zimo kwenye simu, wembamba huo una faida gani? Mnasemaje?