Nyota kumi na mbili katika kitabu kisichosomeka

Katika Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kuna kitabu cha kurasa zipatazo 240 ambacho hadi leo hakuna mtu aliyethibitisha kuwa amesoma hata sentensi yake moja. Herufi zake hazifanani na za lugha yoyote ijulikanayo. Hata hivyo, ndani yake zimo kurasa ambazo mfuatiliaji wa safu ya nyota gazetini atazitambua mara moja: Samaki, Mapacha, Simba, Mizani. Wataalamu wamehangaika na maandishi ya kitabu hicho, kiitwacho Muswada wa Voynich, kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini kurasa hizi za buruji, yaani nyota za falaki, zimetuambia mengi kuliko maneno yake yote.

Muswada huo umepewa jina la Wilfrid Voynich, muuza vitabu vya kale aliyeununua mwaka 1912 kwa mapadri wa Shirika la Yesu karibu na Roma. Pamoja nao ilipatikana barua ya karne ya 17, ambayo daktari wa Prague, Johannes Marcus Marci, alimwandikia msomi Athanasius Kircher. Marci alisimulia alivyosikia kwamba Mfalme Mkuu Rudolf wa Pili aliununua kwa dukati 600, na kwamba ulidhaniwa kuwa kazi ya Roger Bacon, mtawa wa Uingereza wa karne ya 13. Dhana ya Bacon ilizimwa kabisa pale ngozi za ndama zilizotumika kama karatasi zilipopimwa katika Chuo Kikuu cha Arizona, mwaka 2009. Majibu yalionyesha kuwa ngozi hizo zilitengenezwa kati ya mwaka 1404 na 1438, zaidi ya miaka mia moja baada ya Bacon kuzikwa.

Kurasa za buruji zimechorwa kama magurudumu. Katikati ya kila gurudumu iko alama ya nyota ya falaki, na kuizunguka wamepangwa wanawake wadogo, wengi wao uchi, kila mmoja akiwa na nyota yake na neno fupi lililoandikwa kando. Katika magurudumu ya mwanzo wanawake hao wamo ndani ya mapipa. Mbele mapipa yanatoweka na wanabaki wamesimama wenyewe. Mzunguko unaanza na Samaki na kuishia na Mshale. Mbuzi na Ndoo hawapo, kwa sababu karatasi ya 74, ambayo bila shaka ndiyo iliyowabeba, ilinyofolewa zamani.

Ukiwahesabu wanawake hao, mpango wa mchoraji unajitokeza. Kaa, Simba, Mashuke na wenzao wana 30 kila mmoja. Hamali, yaani Kondoo, amegawanywa katika magurudumu mawili ya wanawake 15, na Ng'ombe vivyo hivyo. Samaki peke yao wana 29.

Namba 30 haikuja kwa bahati. Wanajimu wa Babeli, katika karne ya tano kabla ya Kristo, waliigawa njia ya jua angani katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja nyuzi 30, na jumla yake ikawa 360. Jua husogea takriban nyuzi moja kwa siku, kwa hiyo nyuzi 30 zinakaribia mwezi mmoja. Wagiriki waliupokea mfumo huo, na Waarabu wakauchukua na kuuendeleza. Kutoka kwa Waarabu ulielekea pande mbili: kaskazini hadi Hispania na Italia, ambako vitabu vya falaki vilitafsiriwa kwa Kilatini, na kusini hadi pwani ya Afrika Mashariki, ambako wanafalaki bado wanazitaja nyota hizo kwa majina ya Hamali, Thauri, Jauza na Saratani.

Kuipa kila nyuzi sura yake nako kulikuwa na wenyewe. Katika karne ya 13, mafundi wa Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla walichora kitabu cha unajimu chenye magurudumu ya buruji, kila nyuzi na picha yake. Mwaka 1488, mjini Augsburg, kilichapishwa kitabu kingine chenye picha kwa kila moja ya nyuzi 360. Aliyeuchora muswada wa Voynich, basi, alikuwa amesimama ndani ya elimu ya wakati wake.

Mtu mwingine, kwa mwandiko na wino tofauti, aliongeza majina ya miezi kwa herufi za Kilatini. Tahajia yake inaelekea lugha za jamii ya Kifaransa, na jambo la kuvutia ni kwamba Machi imeandikwa kwenye Samaki. Vitabu vingi vya sala vya zama hizo vilimweka Hamali kwenye Machi, kwa kuwa ndimo jua linamoingia katika mwezi huo. Wakati huo Ulaya ilifuata kalenda ya Julius Kaisari, ambayo mwaka wake ulizidi mwaka wa jua kwa dakika kama 11. Dakika hizo zilikuwa zimelimbikizana hata siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana ikawa imerudi nyuma hadi tarehe 12 hivi. Siku kumi za kwanza za Machi, kwa hiyo, jua lilikuwa bado katika Samaki. Huenda mwandishi huyo alifuata nyota ya siku ya kwanza ya mwezi. Makosa ya kalenda yenyewe yalisahihishwa mwaka 1582, Papa Gregori wa 13 alipofuta siku kumi: tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na tarehe 15.

Michoro nayo inataja kwao. Mwenye Mshale kwa kawaida ni nusu mtu, nusu farasi. Hapa ni mtu kamili aliyevaa kofia na joho la karne ya 15, akiwa na upinde wa kufyatuliwa kwa mtambo. Mfano wake umeonekana katika vitabu vya nchi za Kijerumani. Mahali pa kaa wamechorwa kamba wawili wa mtoni, na nge anafanana na mjusi: labda ni kazi ya mtu aliyeishi mbali na bahari na mbali na jangwa. Ndiyo maana wachunguzi wengi wanaitafuta asili ya muswada kati ya Ujerumani ya kusini na Italia ya kaskazini.

Sehemu nyingine za kitabu zina mimea, mitungi ya dawa na wanawake wanaooga katika madimbwi ya kijani. Kwa mganga wa zama hizo, vitu hivi viliambatana na nyota. Vyuo vikuu vya Bologna na Padua vilifundisha udaktari pamoja na unajimu. Hamali alitawala kichwa, Samaki nyayo, na daktari hakuruhusiwa kukata wala kutoa damu kwenye kiungo ambacho mwezi ulikuwa katika nyota yake. Kitabu cha tiba kisicho na buruji kingekuwa na upungufu.

Walioshindwa kukisoma ni wengi, na baadhi yao ni mabingwa. Profesa William Newbold alitangaza mwaka 1921 kuwa amekifumbua. Miaka kumi baadaye msomi John Manly akaibomoa hoja yake. William Friedman, aliyeongoza kuvunjwa kwa misimbo ya Japani katika Vita Kuu ya Pili, naye alifariki bila jibu. Madai mapya hayaishi, na mengi huanza kwa kuchagua maneno machache yanayolingana na nadharia ya mdai.

Hapo ndipo kurasa za buruji zinapokuwa kipimo kigumu. Humo kuna karibu majina 300, kila moja mahali pake katika duara ambalo maana yake inajulikana. Anayedai kuwa na ufunguo auweke kwenye magurudumu yote kuanzia Samaki hadi Mshale, na majina yatoke yakiwa na mantiki ya nyota, ya siku au ya nyuzi. Ufunguo unaofungua Ng'ombe na kukwama kwa Simba haujafungua kitu.