Yule "Mrusi" wa Wembley: Historia Fupi ya Mshika Kibendera



Nilipokuja Uingereza kuanza shahada ya uzamivu, nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyependa mpira kupita kiasi. Ukutani alitundika picha ya timu yao ya 1966, na kila mgeni akiingia atamwambia yaleyale: "Yule Mrusi ndiye aliyetupa kombe." Kisha atanigeukia na kunitambulisha kuwa ni Mkenya. Mimi ni mtu wa Tanga. Mwanzo nilikuwa namsahihisha, baadaye nikachoka. Miaka ikapita ndipo nikagundua kuwa mimi na huyo "Mrusi" msiba wetu ulikuwa mmoja.

Nianze mbali kidogo. Katika karne ya 19, kule Uingereza, kila timu ilikuja uwanjani na mwamuzi wake. Wawili hao wakishindwa kuelewana, ndipo wanamuuliza refa, ambaye alikaa nje ya uwanja. Mwaka 1891 mambo yakageuzwa: refa akaingizwa ndani na kupewa mamlaka, wale wawili wakasogezwa pembeni na vibendera vyao. Jina la "mwamuzi msaidizi" wamelipata juzijuzi tu, 1996. Lakini msingi ni uleule: msaidizi anaonesha, refa anaamua. Mpira umetoka, fulani kaotea, kuna rafu nyuma ya mgongo wa refa, yote hayo ni ushahidi. Hukumu si yake.

Sasa twende Wembley, tarehe 30 Julai 1966, fainali ya Kombe la Dunia. Uingereza na Ujerumani Magharibi wametoka 2-2, wako kwenye dakika za nyongeza. Dakika ya 101 Alan Ball anatia krosi, Geoff Hurst anageuka na kuachia shuti. Mpira unagonga mtambaa panya, unadunda chini, na beki Wolfgang Weber anautoa kwa kichwa. Waingereza wanashangilia goli, Wajerumani wanasema si goli. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote.

Refa Gottfried Dienst, Mswisi, hana uhakika. Anakimbia pembeni kwa mshika kibendera, bwana mwenye masharubu. Inasimuliwa kuwa hawakuwa na lugha ya pamoja ya kuzungumzia, wakaelewana kwa ishara. Kichwa kikatikiswa, Dienst akaelekeza kati. Goli! Mwisho wake 4-2, na hadi leo hilo ndilo Kombe la Dunia pekee la wanaume wa Uingereza.

Basi bwana, yule mshika kibendera hakuwa Mrusi hata kidogo. Ni Tofiq Bahramov, mzaliwa wa Baku, mtu wa Azerbaijan, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Urusi ya Kisovieti, kama wengi wetu tulivyozoea kuiita. Ipo na porojo ya vijiweni kwamba alipoulizwa ana uhakika gani, alijibu neno moja tu, "Stalingrad", kulipiza kisasi cha vita. Ni utani. Lakini utani huo umesimama juu ya ule Urusi aliobandikwa.

Jambo linalonigusa zaidi mimi mwanahistoria ni hili. Katika kumbukumbu zake Bahramov aliandika kuwa aliamini mpira ulirudi baada ya kugonga wavu, si mtambaa panya. Kwake yeye, mahali ulipodunda halikuwa swali tena. Mwaka 1996 watafiti wa Oxford walipima zile picha za filamu wakaona mpira haukuvuka wote. Je, alisema uongo? Hapana. Alisema alichokiona kutoka pale aliposimama, kwa nukta moja ya sekunde. Sisi tunaokusanya masimulizi ya wazee tukumbuke hilo: shahidi anaweza kuwa mkweli na bado akakosea.

Tena aliyeamua ni Dienst. Lakini waulize watu leo, lawama na shukrani zote wanampa wa pembeni.

Mwaka 2010 kule Bloemfontein, mpira wa Frank Lampard ulivuka mstari waziwazi dhidi ya Wajerumani haohao, na hakuna kibendera kilichonyanyuka. Miaka miwili baadaye mitambo ya kutazama mstari wa goli ikaidhinishwa, na Kombe la 2014 ikatumika. Swali lile sasa haulizwi tena binadamu.

Bahramov alifariki 1993, na mwaka huohuo uwanja mkubwa wa Baku ukapewa jina lake. Mwaka 2004 ilizinduliwa sanamu yake pale, na Hurst mwenyewe alihudhuria. Kwao wanamjua ni nani.

Mwenye nyumba wangu alikufa kabla sijapata kumweleza. Ningemwambia yote mawili kwa pamoja: yule si Mrusi, mzee wangu, na mimi si Mkenya.