Fahamu: Kwa nini wakusanyaji wa midoli hubishana kuhusu jitu lipi litengenezwe kwa michango

Ukisikia watu wazima, wenye kazi na familia, wanagombana kwa sababu ya midoli, unaweza kudhani ni mzaha. Lakini nchini Marekani, na kwingineko ambako midoli ya mashujaa wa filamu na vitabu vya katuni inakusanywa, ubishi huu ni wa kweli na una fedha nyingi ndani yake. Swali lenyewe ni hili: kati ya majitu yote ya hadithi hizo, lipi linastahili kutengenezwa kwa ukubwa wa kupindukia, kwa fedha za wanunuzi wenyewe zinazoahidiwa kabla mdoli haujawepo?

Wengi wetu tumewafahamu mashujaa hawa kupitia vibanda vya video na simu za watoto: Spider-Man, Hulk, Black Panther. Katika makala haya tunaeleza utaratibu wa michango hiyo, majitu gani yalifaulu na lipi lilikwama, na hoja zinazotolewa na kila upande. Mwishoni tunaeleza nini cha kuangalia kabla mtu hajalipia kitu chochote ambacho bado hakijatengenezwa.

Kwanza, ukubwa wenyewe

Midoli inayozungumziwa sana hapa ni ya mfululizo uitwao Marvel Legends. Ulianza mwaka 2002 chini ya kampuni ya Toy Biz, na tangu mwaka 2007 unatengenezwa na Hasbro. Mdoli wa kawaida wa mfululizo huu una urefu wa karibu sentimita 15, yaani nusu ya rula ya mwanafunzi. Una viungo vinavyokunjika magotini, viwikoni na shingoni, hivyo mwenye nao huuweka katika mkao anaoutaka.

Tatizo linaanza pale hadithi inapokuwa na jitu. Ikiwa Spider-Man ana sentimita 15, basi adui ambaye katika hadithi ana urefu wa ghorofa kadhaa hawezi kuwa na sentimita 15 hizohizo. Akitengenezwa mdogo, mkusanyaji anaona hadithi imeharibika. Akitengenezwa mkubwa, bei inapanda, na wenye maduka hawataki kumpokea kwa sababu boksi lake moja linakula nafasi ya midoli mingine mingi.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana dukani. Kila kiungo cha mdoli hutoka kwenye kalibu ya chuma inayomiminiwa plastiki. Anayefyatua matofali ataelewa haraka: kalibu inakugharimu fedha ileile, ufyatue tofali moja au elfu moja. Kampuni ikitengeneza kalibu za jitu halafu wanunuzi wasitokee, hasara inabaki kwake.

Utaratibu wa michango

Hapo ndipo Hasbro ilipoanzisha HasLab mwaka 2018. Kampuni inaonyesha mfano wa kitu inachotaka kutengeneza, inataja bei, idadi ya maagizo yanayotakiwa na siku ya mwisho. Idadi ikifika, kitu kinatengenezwa. Isipofika, mradi unafutwa na mchangiaji hatozwi.

Tofauti na mchango wetu wa harusi ni kubwa. Kwenye harusi unatoa unachojaliwa, na ukishatoa umetoa. Huku kila mmoja analipa bei moja iliyopangwa, anapata kitu chake mkononi, na fedha yake ina masharti. Inafanana zaidi na wanakijiji wanaokubaliana kuagiza lori zima la mabati: wakitimia watu wa kutosha lori linakuja, wasipotimia kila mtu anabaki na hela yake.

Mradi wa kwanza kufaulu ulikuwa jahazi la Jabba kutoka filamu za Star Wars, lenye urefu wa karibu mita 1.2. Liliuzwa dola 499.99, lengo lilikuwa maagizo 5,000, na yalipatikana 8,810. Lakini si kila kitu kilikubaliwa. Mfano mkubwa wa Cookie Monster, yule wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, haukupata wachangiaji wa kutosha.

Majitu mawili yaliyovunja matarajio

Kwa upande wa mashujaa wa Marvel, wa kwanza alikuwa Sentinel, mwaka 2020. Hili ni roboti jitu linalowawinda watu waliozaliwa na uwezo usio wa kawaida. Lilitokea mara ya kwanza mwaka 1965 katika kitabu cha X-Men, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Miongoni mwa mashujaa wa kundi hilo yumo Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi, ambaye katika hadithi mama yake ni Mkenya. Katika kitabu cha mwaka 1975 kilichomtambulisha, anakutwa akiishi Kenya.

Sentinel wa HasLab ana urefu wa sentimita 67 hivi, kama mtoto mchanga wa miezi sita, na bei yake ilikuwa dola 349.99. Lengo lilikuwa maagizo 6,000. Yalikuja 21,751, zaidi ya mara tatu ya lengo.

Mwaka 2021 akaja Galactus, mla sayari, aliyeanza kuonekana mwaka 1966 katika kitabu cha Fantastic Four. Huyu ana urefu wa sentimita 81 hivi, sawa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyesimama. Bei ilikuwa dola 399.99, fedha inayokaribia shilingi milioni moja za Tanzania. Lengo lilipandishwa hadi 14,000, na watu walipita 30,000. Ukizidisha mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, utaona ni zaidi ya dola milioni 12 zilizoahidiwa kwa mdoli ambao hakuna mnunuzi aliyekuwa ameushika.

Sehemu ya siri ya mafanikio hayo ni zawadi za nyongeza. Kila maagizo yanapopita kiwango fulani juu ya lengo, kampuni inaongeza kitu ndani ya boksi bila kupandisha bei. Kwa Galactus ziliongezwa sanamu za watumishi wake, akiwemo Silver Surfer. Mchangiaji aliyekwisha kuagiza anageuka mpiga debe, kwa sababu kila mwenzake anayemshawishi anamsogeza karibu na zawadi.

Gari lililokwama

Mwaka 2022 kampuni ilileta gari la Ghost Rider, si yule mwendesha pikipiki anayejulikana na wengi, bali kijana Robbie Reyes aliyeanza kuonekana vitabuni mwaka 2014. Bei ilikuwa dola 349.99, sawa na Sentinel, na lengo maagizo 9,000. Siku ya mwisho ilifika idadi haijatimia. Mradi ukafutwa.

Mwaka mmoja kabla yake, mnyama Rancor wa Star Wars alikuwa amekutwa na hali hiyohiyo: bei dola 349.99, lengo 9,000, akakaribia lakini hakulifikia. Transformers nao walikuwa na Unicron mwaka 2019, aliyeuzwa dola 574.99. Siku ya mwisho ilipofika maagizo 8,000 hayakuwa yametimia. Muda ukaongezwa na ndipo akapita.

Kampuni ilionekana kujifunza. Mwaka 2024 ilileta Giant-Man, shujaa anayeweza kurefuka kama mnara, mwenye urefu wa karibu sentimita 61 kwa dola 199.99. Lengo la maagizo 10,000 lilifikiwa. Jitu lilikuwa dogo kidogo kuliko Sentinel, lakini mnunuzi alipunguziwa dola 150.

Ubishi uko wapi hasa?

Tukizipanga hoja za wakusanyaji, tunaona zinazunguka mambo manne.

Jambo la kwanza ni kama ukubwa ni sehemu ya mhusika mwenyewe. Galactus asipokuwa mkubwa si Galactus. Gari, wanasema wapinzani, linaweza kutengenezwa na kuuzwa dukani kwa njia ya kawaida, kwa nini tuchangie? Walioliunga mkono gari la Ghost Rider walijibu kwamba gari linalowatosha midoli ya sentimita 15 nalo ni kubwa, na maduka yanalikwepa vilevile.

La pili ni umaarufu. Sentinel alikuwa tayari kwenye mioyo ya watu waliotazama katuni za X-Men miaka ya 1990, ambazo kipindi chake cha kwanza kabisa kilihusu maroboti hayo. Watoto wa wakati ule sasa wana mishahara. Robbie Reyes ana wapenzi wake, lakini ni wachache na wa miaka ya karibuni. Upande mwingine unauliza swali zito: ikiwa umaarufu ndio kipimo pekee, wahusika wapya watapata lini nafasi?

La tatu ni kama kitu kimeshawahi kutengenezwa. Mwaka 2005 Toy Biz iliuza midoli ambayo kila boksi lilikuwa na kipande cha Galactus. Ukinunua yote, unaunganisha vipande na kumpata. Sentinel naye alipatikana kwa njia hiyo mwaka huohuo. Wapo waliosema wanaye tayari na hawahitaji mwingine. Waliowajibu walisema yule wa zamani alikuwa mfupi mno, anaonekana kama kaka mkubwa wa Spider-Man tu.

La nne, na ndilo lenye uchungu zaidi, ni nani anayebeba mzigo. Wapo wanaosema kampuni yenye uwezo inawatwisha wanunuzi hatari ambayo ingepaswa kuibeba yenyewe, halafu inaitumia hofu yao ya kukosa. Muda ni mfupi, zawadi ni za wachangiaji tu, na anayechelewa huangukia mikononi mwa walanguzi wanaouza kwa bei ya juu. Kijana asiyekuwa na dola 400 mwezi huo ameachwa nje. Wengine wanajibu kwamba bila utaratibu huu Galactus wa sentimita 81 asingekuwepo kabisa, na hakuna aliyelazimishwa.

Sisi tunaona pande zote mbili zina haki, lakini matokeo yameonyesha jambo moja waziwazi. Kelele za kuomba kitu na fedha za kukilipia ni vitu viwili. Kila mradi hupigiwa makofi unapotangazwa. Siku ya mwisho kinachohesabiwa ni maagizo, na hapo mtu huwa amepima bei, nafasi iliyobaki nyumbani kwake na mapenzi yake kwa mhusika. Galactus alipita mizani zote tatu. Gari lilikwama kwenye bei na mapenzi.

Nani anatajwa kufuata?

Jina linalorudi mara kwa mara ni Fin Fang Foom, joka kubwa la hadithi za Marvel tangu mwaka 1961. Anao ukubwa, na umbo lake linapendeza kwenye kabati. Wasiwasi ni umaarufu, kwani nje ya wasomaji wa vitabu hajulikani sana. Wengine wanataka ndege ya X-Men, na wengine gari linaloruka la Fantastic Four. Hawa wanakumbushwa yaliyolikuta gari la Ghost Rider. Wanajibu kwamba ndege ya kundi zima si sawa na gari la mtu mmoja, kwa sababu kila mwenye midoli ya X-Men angepata pa kuiketisha.

Inatuhusu nini?

Huenda usinunue jitu la plastiki maisha yako yote. Lakini maombi ya kulipia kitu kabla hakijatengenezwa au kufika yanazidi kuingia kwenye simu zetu, yawe ya vifaranga, mashine za kupukuchulia mahindi au simu mpya. Maswali wanayojiuliza wakusanyaji hawa yanafaa hapa pia.

• Lengo ni kiasi gani, na mwisho ni lini? Mradi usiotaja vyote viwili hauna masharti ya kukulinda.

• Lengo lisipofikiwa, fedha yangu itakuwa wapi? Jibu liwe kwa maandishi, na kabla ya kulipa.

• Kitu kitafika lini? Waliochangia Sentinel mwaka 2020 walisubiri hadi mwaka 2021.

• Kitafika hadi nilipo? Si kila nchi huhudumiwa, na usafiri na ushuru vinaweza kuongeza gharama kubwa.

• Anayechangisha ni nani? Kampuni inayojulikana ina jina la kulinda. Mtu aliyekutumia ujumbe usiku akitaka utume fedha kwenye namba binafsi hana. Na hakuna mchango halali unaohitaji namba yako ya siri.

• Ningekitaka kitu hiki kama muda usingekuwa unakimbia? Wapo wakusanyaji wanaokiri kuwa zawadi ziliwavuta kuliko jitu lenyewe, na sasa boksi limelala chini ya kitanda bila kufunguliwa.

Mtoto wako akikuuliza kwa nini watu wazima wanachangia mdoli mkubwa kama mdogo wake, mweleze habari ya kalibu ya matofali. Ataelewa, na siku akiombwa kuchangia kitu kwa simu atajua pa kuanzia kuuliza.