Misuli ya sakafu ya nyonga: maana, matumizi na tafsiri

Maana
Istilahi "misuli ya sakafu ya nyonga" hutaja misuli inayotanda chini ya fupanyonga, kutoka kinena upande wa mbele hadi kifandugu upande wa nyuma. Misuli hiyo hushikilia kibofu na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kwa mwanamume, baadhi yake huzunguka shina la uume. Inapokaza huibana mishipa irudishayo damu, na hivyo husaidia uume kubaki umesimama. Kwa sababu hiyo mazoezi ya misuli hiyo hutumika kutibu upungufu wa nguvu za kiume.

Mazoezi hayo huitwa pia "mazoezi ya Kegel", kutokana na Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaeleza mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake walioshindwa kuzuia mkojo baada ya kujifungua. Katika utafiti wa Grace Dorey na wenzake uliochapishwa Uingereza mwaka 2005, wanaume 55 walifanya mazoezi hayo pamoja na kurekebisha mwenendo wa maisha. Baada ya miezi 6, asilimia 40 walikuwa wamerejea katika hali ya kawaida, asilimia 35.5 walipata nafuu, na asilimia 24.5 hawakupata nafuu.

Nyonga na msamba
Katika matumizi ya kila siku, "nyonga" ni pale paja linapoungana na kiwiliwili. Msomaji anayeambiwa "kaza nyonga" hukaza mapaja na matako, na misuli iliyokusudiwa haifanyi kazi. Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na mahali penyewe: "msamba" (U-/I-), yaani eneo lililo kati ya sehemu za siri na tundu la haja kubwa. Wakunga hulitumia wanaposema mzazi amechanika msamba. Neno hilo lipo pia katika "kupiga msamba", yaani kutanua miguu hadi chini, kwa hiyo muktadha uwe wazi. Inafaa istilahi ndefu itajwe mara ya kwanza, kisha maelekezo yafuate kwa neno "msamba".

Kubana, kujikamua, kulegeza
Kitenzi kinachofaa ni "bana", kwa kuwa kila mzungumzaji anajua kubana mkojo. "Sukuma" na "jikamua" huelekeza kinyume: anayejikamua huisukuma misuli chini badala ya kuivuta juu. "Legeza" huepukwa na baadhi ya wafasiri kwa kuwa "mwanamume aliyelegea" ni kejeli. Hata hivyo, kulegeza misuli ni nusu ya zoezi na hakupaswi kuachwa. "Achia" hutoa maana ileile bila kejeli.

Lisilofaa: Kaza nyonga zako kwa nguvu.
Linalofaa: Bana kama anayezuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja, uvute msamba juu, kisha uachie kabisa. Usikaze matako, mapaja wala tumbo, na uendelee kupumua.

Neno "kama" lisidondoshwe. "Bana kama anayezuia mkojo" ni tashibihi ya kumsaidia msomaji kuitambua misuli. "Bana mkojo" ni amri ya kukatisha haja, na kulifanya hilo kuwa mazoea hakushauriwi. "Hewa" hapa ni tasfida ya "ushuzi", na inaeleweka bila kumtia msomaji haya.

Nguvu za kiume
"Upungufu wa nguvu za kiume" ndiyo istilahi iliyoenea magazetini na katika matangazo ya dawa. Udhaifu wake ni upana: hubeba kutosimama kwa uume, kukosa hamu, kumaliza mapema, na wakati mwingine hata ugumba, ilhali mgumba aweza kuwa hana tatizo lolote la kusimamisha. "Uhanithi", neno lenye asili ya Kiarabu, limekuwa tusi na halifai kumwelekea mgonjwa. Nahau kama "jogoo hapandi mtungi" hufaa katika mazungumzo na utani, si katika kipeperushi cha hospitali. Panapohitajika usahihi, iandikwe: "kushindwa kusimamisha uume au kuudumisha umesimama".

Tofauti hiyo ina uzito nje ya kamusi. Tatizo hili laweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari au ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Anayeambiwa kwamba "nguvu" zimepungua huenda kwa muuza dawa za kuongeza nguvu. Anayeelezwa kwamba damu haibaki katika uume ana sababu ya kwenda kupimwa. Kwa hiyo mfasiri wa maelekezo ya mazoezi haya aongeze sentensi moja inayomtaka msomaji amwone daktari kwanza, na aiandike kwa lugha nyepesi kama ile aliyotumia katika zoezi lenyewe.